Rubani angani, mahakimu kitini



Zamani rubani alikuwa mtu wa mbali. Tulimwona akishuka katika ndege yake, kofia kichwani na miwani myeusi usoni, akapita katikati yetu bila neno. Tulimheshimu, tukamwogopa kidogo, wala hatukujua alifanya nini kule mbele, nyuma ya mlango uliofungwa. Siku hizi mlango umefunguka. Rubani afunga kamera ndogo bawani, nyingine kiooni, nyingine kichwani pake. Kisha aruka huku akieleza kila afanyalo, na jioni video yake yaingia katika intaneti. Kijana wa Bukavu au wa Kalemie, aliyetia franka chache katika telefone yake, aona theluji ya Alaska kana kwamba amekaa kiti cha pili cha ndege ile.

Jambo hili lenyewe si baya. Wengi wamejifunza mengi kwa njia hiyo: jinsi upepo unavyogeuka nyuma ya mlima, jinsi barafu inavyoliharibu bawa, na kwa nini rubani asoma orodha ya mambo ya kukagua hata kama ameisoma mara elfu.

Lakini pamoja na kutazama imekuja kazi nyingine, ambayo hakuna aliyetutuma wala aliyetufundisha: kazi ya kuhukumu. Chini ya kila video kuna baraza lisilofungwa usiku wala mchana. Huyu aandika: "Bingwa wa mabingwa!" Yule aandika: "Mpumbavu, anyang'anywe hati leo leo." Wa tatu, ambaye hajapanda ndege tangu azaliwe, aeleza kwa urefu jinsi ambavyo yeye angefanya. Na mara nyingi hakuna hata mmoja katika hao watatu aliyeuliza swali.

Mimi nasema hivi. Kuhukumu si kosa. Mtu mwenye akili hawezi kutazama tendo bila kulipima. Kosa ni kuhukumu vibaya. Na watazamaji wengi wahukumu vibaya kwa njia tatu. Kwanza, wahukumu kwa macho bila maarifa. Pili, wautazama mwisho wa safari, hawalitazami tendo. Tatu, wampiga yule anayeonyesha kosa lake kuliko yule anayelificha. Kosa la tatu ni baya kupita yote, maana hilo laua watu. Tuyachungue moja moja.

I. Macho si maarifa

Tuanze na kutua, kwa sababu hapo ndipo kila mtu hujiona mwalimu. Ndege ikigusa chini polepole, watazamaji wapiga makofi. Ikigusa kwa kishindo, wacheka: "Amewatupa abiria kama viazi!" Basi, wajue jambo moja. Mvua ikinyesha na njia ya kutua ikijaa maji, rubani aliyefundishwa vema hatafuti kugusa kwa ulaini. Akifanya hivyo, magurudumu yaweza kuteleza juu ya tabaka la maji bila kuishika ardhi, na breki zisifanye kazi. Kwa hiyo aishusha ndege kwa nguvu ya kiasi, makusudi, magurudumu yapasue maji na kuanza kuzunguka mara moja. Kishindo kile kilichochekwa kilikuwa kazi njema. Na ulaini unaosifiwa waweza kuwa ubatili, ikiwa rubani ameitafuta sifa huku mita za njia zikipita chini yake.

Tena, kuna kutua kulikoachwa. Rubani yu karibu kugusa. Aona mwendo haufai, au upepo umemsukuma pembeni. Aongeza nguvu za injini, apanda tena, azunguka na kuanza upya. Mtazamaji asema: "Ameshindwa." La, hakushindwa! Ameyashinda majivuno yake mwenyewe, na hayo ni mashindano magumu kuliko upepo. Makampuni mazuri ya ndege huwafundisha marubani wao kwamba kupanda tena si aibu wala hakuna adhabu yake. Hatari ni kuyalazimisha magurudumu yaguse kwa sababu watu wanatazama.

Na kamera nayo, je, ni shahidi mwaminifu? Siyo sikuzote. Kamera yenye kioo kipana huikunja mistari iliyonyoka, na mlima uliopo karibu huonekana mbali. Kamera ya mbali inayovuta picha hufanya kinyume: husogeza vitu vilivyoachana vionekane vimegusana. Mara nyingi panga linalozungushwa na injini huonekana limepinda kama mundu, kumbe ni kwa sababu kamera huisoma picha mstari kwa mstari, nalo panga limekwisha kuhama. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, rubani huelekeza pua ya ndege upande wa upepo, akaja kiubavu kama kaa, na kuinyosha karibu na kugusa. Asiyejua apiga kelele: "Ataanguka!" Kumbe hiyo ndiyo njia wanayofundishwa wote.

Sisemi kwamba asiyekuwa rubani afunge kinywa. Nasema aanze na swali. "Kwa nini alifanya hivi?" ni neno la mtu mwenye busara. "Mimi ningefanya vile" ni neno la mtu asiyejua kwamba hajui.

II. Mwisho si tendo

Kosa la pili ni la hila zaidi. Watu hutazama mambo yalivyokwisha, kisha hurudi nyuma na kusema: yalikuwa mema, au yalikuwa mabaya. Ndege ikifika salama, rubani ni hodari. Ikianguka, ni mjinga. Lakini mpumbavu aweza kufika salama mara tisa, na mwenye busara aweza kupatwa na msiba mara moja.

Sikilizeni habari ya tarehe 15 Januari 2009. Kapiteni Chesley Sullenberger na mwenziwe Jeffrey Skiles waliondoka katika kiwanja cha LaGuardia, New York, wakiwa na watu 155 ndani ya ndege yao. Baada ya muda mfupi kundi la bata bukini likaingia katika injini, zote mbili zikapoteza nguvu. Dakika tatu na nusu baadaye ndege ililala juu ya maji ya mto Hudson, na watu wote 155 wakaokoka. Hapakuwa na kamera ya rubani ya kutafuta sifa. Lakini mahakimu wa kitini walikuwako hata hivyo, wakiuliza: kwa nini hakurudi kiwanjani? Tume ya kuchunguza ajali ililipima swali hilo kwa mashine za mazoezi. Marubani waliogeuka papo hapo, wakijua tangu mwanzo jambo litakalowapata, waliweza kurudi. Ndipo tume ikaongeza sekunde 35, yaani muda wa mwanadamu kushtuka, kutambua na kuamua. Kwa sekunde hizo 35 tu, ndege haikufika tena. Katika ripoti yake ya 2010 tume ilikubali kwamba kutua mtoni kulikuwa uamuzi wa haki.

Tuzishike sekunde hizo 35. Tume iliyopewa kazi ya kuchunguza ilimwongezea rubani muda wa kuwa mtu. Mtazamaji hampi hata moja. Yeye ajua mwisho kabla ya mwanzo. Asimamisha video, airudisha nyuma, aitazama mara kumi, kisha ashangaa kwamba mtu aliyekuwa na nafsi 155 mkononi hakuona mara moja yale ambayo yeye ameyaona mara ya kumi akiwa na kikombe cha chai.

Upande wa pili wa kosa hili ni sifa. Rubani apita katika bonde jembamba chini ya mawingu, miti iko karibu na magurudumu, naye atoka mzima. Maelfu wamwandikia: "Hodari! Tuonyeshe tena!" Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu mgema wa angani akisifiwa hatii maji katika tembo. Ajitia yeye mwenyewe katika hatari, na abiria wake pamoja naye. Juma lijalo lazima apite chini kidogo kuliko juma hili, maana macho ya watu huzoea haraka. Na macho hayo yana bei. Kampuni zenye kutangaza bidhaa huhesabu waliotazama, na rubani hulipwa kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo usiseme, "Mimi nilitazama tu." Umelipa.

Kamera yenyewe huomba kafara yake. Tarehe 31 Mei 2014, usiku, ndege ndogo ya watu wawili ilianguka karibu na Watkins, katika jimbo la Colorado, Marekani. Rubani na abiria wake wakafa. Wachunguzi walikuta kamera. Haikuwa imeandika safari ile ya mwisho, lakini iliandika safari fupi za kabla yake: rubani na abiria wakijipiga picha kwa telefone zao, hata wakati wa kupaa, hata kwa mwanga mkali gizani. Tume ikasema kwamba yaelekea telefone ilimvuta rubani mawazo yake, asijue tena ipi juu ipi chini, naye akaipoteza ndege. Tangu 1981 sheria ya Marekani yawakataza marubani wa makampuni ya abiria kufanya au kusema jambo lisilo la kazi wakiwa chini ya futi 10,000, yaani kama mita 3,000. Sheria hiyo iliandikwa kwa sababu ya soga tu. Tufikirije basi juu ya mtu anayetengeneza sinema wakati wa kutua?

III. "Lakini watazamaji ndio walimkamata mwongo!"

Hapa najua nitapingwa. Wengine watasema: "Mwalimu, wewe wawadharau watazamaji, kumbe wao ndio waliomfichua mwongo wa California." Ni kweli, nami sikatai. Tena nawashukuru kwa kuitaja habari hiyo, kwa maana yanisaidia mimi kuliko wao.

Tarehe 24 Novemba 2021 Bwana Trevor Jacob, aliyekuwa mchezaji wa michezo ya theluji katika Olimpiki ya 2014, aliruka peke yake kutoka Lompoc, California, katika ndege kuukuu iliyotengenezwa 1940. Alisema kwamba aenda Mammoth Lakes. Juu ya milima ya msitu wa Los Padres alifungua mlango, akaruka nje kwa parashuti, na ndege ikaanguka. Tarehe 23 Disemba alitoa video: tazameni, injini yangu ilizimika! Alikuwa na mapatano na kampuni moja ya kuuza pochi za fedha, na katika video aliitangaza pochi hiyo.

Watu wengi wenye kujua ndege walitazama, wakaanza kuuliza. Kwa nini alivaa parashuti tangu mwanzo? Kwa nini mlango ulifunguliwa kabla injini haijazimika? Kwa nini hakujaribu kuiwasha tena? Kwa nini hakuwaita wasimamizi wa anga kwa redio? Mbona kulikuwa na mahali pa kutua ambapo angeweza kupafikia kwa kuteleza tu? Mwezi Aprili 2022 ofisi ya serikali inayosimamia urukaji ilimnyang'anya hati yake, na katika barua yake ilitaja mambo haya haya.

Angalieni vema watazamaji hao walifanya nini. Hawakuanza na tusi, walianza na maswali. Hawakutazama kama aliokoka au hakuokoka, walitazama matendo yake moja moja. Hawakusema, "Sura yake ni ya mwongo", walisema, "Mlango ulifunguka kabla." Hiyo ndiyo hukumu njema, nami ningependa iwe na wafuasi wengi. Lakini kwa kila mmoja aliyeuliza, wangapi walitazama kwa ajili ya tamasha tu, wakaongeza ile hesabu ambayo mtu huyu aliitafuta?

Tena, angalieni alifungwa kwa kosa gani. Kwanza aliwaambia wachunguzi kwamba hajui mabaki ya ndege yalipo. Kumbe tarehe 10 Disemba alikuwa ameyatoa msituni kwa helikopta, kisha akayakatakata na kuyatupa. Kwa ajili hiyo, yaani kuharibu na kuficha ushahidi ili kuzuia uchunguzi, alihukumiwa Disemba 2023 kukaa gerezani miezi sita. Kwa kuiangusha ndege alipoteza hati. Kwa kuficha alipoteza uhuru.

Mlinganisheni na Bwana Luke Aikins. Tarehe 24 Aprili 2022, huko Arizona, yeye na mwenziwe waliziacha ndege zao mbili zikielekea chini bila mtu ndani, kila mmoja akijaribu kuingia katika ndege ya mwenzake. Mchezo huo ulionyeshwa kwa watazamaji saa ile ile. Mmoja alifaulu, wa pili hakuweza, akashuka kwa parashuti, na ndege moja ikaanguka. Serikali ilikuwa imewakatalia ruhusa siku chache kabla. Aikins alikiri mbele ya watu wote kwamba aliipata habari ya kukataliwa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeamua kuendelea bila kuwaambia wenziwe. Wote wawili walinyang'anywa hati, na ni haki. Lakini aliyekiri hakuongeza uongo juu ya kosa. Mtazamaji asiyeona tofauti kati ya watu hawa wawili, akawatupa wote katika kikapu kimoja cha "wapumbavu wa video", huyo bado hajaanza kuhukumu.

IV. Mficha maradhi

Sasa nafika katika neno kuu. Kuna marubani wa namna nyingine, nao ni wengi, ambao huonyesha video za makosa yao wenyewe. Huyu alisahau kukagua mafuta vema. Yule aliingia katika mawingu asiyoyategemea, mikono ikamtetemeka, sauti yake yasikika ikivunjika. Wa tatu aligusa chini vibaya, ndege ikaruka kama mpira. Wangeweza kukikata kipande hicho, na hakuna mtu ambaye angejua. Hawakukikata. Walikiweka, wakasema: "Hapa nilikosa, mwenzangu usikose kama mimi."

Na baraza la kitini lawajibu nini? Matusi. "Usiruke tena." "Waonee huruma watoto wako." Nani kati ya marubani wanaosoma maneno hayo atathubutu kuonyesha kosa lake kesho? Kila tusi moja lawafundisha mia kutumia mkasi. Na kosa lililokatwa katika video halikukatwa angani; lamngoja mwingine mahali pale pale.

Hili si wazo langu la kubuni. Tarehe 1 Disemba 1974 ndege ya kampuni ya TWA, safari namba 514, ilikuwa yakaribia kiwanja cha Dulles, karibu na mji wa Washington. Marubani hawakuyaelewa vema maneno ya ruhusa waliyopewa, wakashuka mapema, wakaugonga mlima huko Virginia. Watu wote 92 waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ukafunua jambo la kuhuzunisha. Majuma sita kabla, ndege ya kampuni nyingine ilikuwa karibu kuangamia mahali pale pale kwa kosa lile lile. Marubani wake waliokoka, wakatoa taarifa kwa kampuni yao, nayo ikawaonya marubani wake wenyewe. Lakini onyo halikutoka nje ya nyumba ile. Wale wa safari 514 hawakulisikia kamwe.

Kutokana na msiba huo Marekani ilianzisha mpango mwaka 1976. Rubani aliyekosa bila kukusudia aweza kuandika na kueleza yote. Barua yake haiendi kwa wale wenye kuadhibu. Yapokelewa na NASA, ambayo haina mamlaka ya kumnyang'anya mtu hati. Jina lake laondolewa, funzo labaki na kutangazwa kwa wote. Akiandika katika siku 10, na kosa si la makusudi, wala si jinai, wala si ajali, basi kwa masharti yaliyowekwa hupona adhabu ya kusimamishwa. Zaidi ya barua milioni moja zimekwisha kupokelewa. Wenye mpango huo hawakuwa watu laini wanaopenda makosa. Walikuwa wamehesabu maiti 92, wakajua kwamba onyo lililobaki ndani ya nyumba moja haliwafikii wengine.

Mataifa nayo yamekubaliana hivyo. Katika maagano ya urukaji yaliyotiwa sahihi Chicago mwaka 1944, kuna nyongeza ya 13 inayohusu ajali. Yasema kwamba uchunguzi wa ajali una kusudi moja tu, kuzuia ajali nyingine. Haufanywi ili kugawa lawama. Kama kuna jinai, mahakama ipo kwa kazi yake. Watu waliozika wengi wamejifunza kuzitenganisha kazi hizi mbili. Sisi, ambao hatukumzika mtu, twazichanganya kila jioni.

Wahenga wetu walilijua jambo hili kabla ya NASA: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini waliona upande mmoja. Kuna na wale waliomfanya mgonjwa afiche, kwa kumcheka kila alipokohoa.

Mwezi Disemba 2023 mwanamke mmoja wa Tennessee, ambaye alizoea kutoa video za safari zake, alianguka na ndege yake ndogo, akafa pamoja na baba yake. Katika video zake za mbele alionekana akitatizwa na mashine ya kuiongoza ndege. Baada ya msiba watu wengi walirudi kuzitazama, wakayahesabu makosa moja moja. Wako waliofanya hivyo kwa nia njema, wapate kuwafundisha walio hai, na kazi yao ina faida. Lakini wako waliofanya mzaha juu ya kaburi bichi. Nawauliza hao wa mzaha: Kama mliyaona makosa hayo alipokuwa hai, mlimwambia kwa neno ambalo mtu aweza kulisikia? Kama mliyaona baada ya kifo tu, basi mwajisifia nini? Mwanga wa jua la mchana humfanya kila mtu aone njia.

V. Majibu kwa wenye kupinga

Mmoja atasema: "Yeye mwenyewe alijitoa mbele ya watu, na avumilie." Namjibu: mwalimu naye husimama mbele ya watu, na mganga, na mwimbaji wa kwaya. Kusimama mbele ya watu ni kukubali kupimwa, si kukubali kutukanwa. Pima kazi, mwache mama yake.

Mwingine atasema: "Neno langu ni dogo, mimi ni mtu mmoja tu kati ya elfu." Namjibu: punje ya mchanga nayo yasema hivyo hivyo, lakini gunia la mchanga lamvunja mtu mgongo.

Wa tatu atasema: "Basi tunyamaze hata tukiona hatari?" Hasha! Huo ni woga, wala sikufundisha hivyo. Rubani anayeruka chini juu ya nyumba za watu, anayechukua abiria huku akicheza na kamera, anayevunja sheria kwa ajili ya hesabu ya watazamaji, aambiwe wazi kwamba afanya vibaya. Tena anyimwe chakula chake: asitazamwe. Hakuna adhabu inayomfikia mtu wa namna hiyo kuliko kufunga telefone.

Wa nne atasema: "Sisi Wakongo hayo yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Katika nchi yetu viko vijiji ambavyo wakati wa mvua gari halifiki, na ndege ndogo hutua penye majani ikileta dawa au kumchukua mgonjwa. Uhai wa watu huko wategemea kwamba rubani wa jana amemwambia rubani wa leo: "Upande wa chini pana tope, nami karibu nipinduke." Akiona haya kusema, kesho mtu atakufa. Wala si rubani peke yake. Muuguzi aliyekosea kipimo cha dawa akaokoka kwa bahati, dereva aliyesinzia mlimani, mkunga aliyechelewa kumpeleka mama hospitali: wote watasema au wataficha, kwa kufuata jinsi walivyoona wenzao wakitendewa. Kijana anayejizoeza kumcheka rubani wa Alaska leo, kesho atamcheka muuguzi wa kijiji chake, na muuguzi atajifunza kunyamaza.

VI. Tufanyeje?

Basi, msomaji, ukitazama video ya rubani, na moyo wako ukawasha kuhukumu, jiulize kwanza maneno manne.

La kwanza: je, najua alichokuwa akijaribu kufanya, au naona picha tu? Kama hujui, uliza.

La pili: je, nalipima tendo, au naupima mwisho? Kama angefika salama kwa njia ile ile, ningesema nini? Na huyu ninayemsifu, kama angeanguka, ningesema nini?

La tatu: je, huyu ameficha au ameonyesha? Aliyekosa kwa udhaifu akaonyesha, mshukuru kwanza, kisha mrekebishe. Aliyetenda makusudi akaficha, huyo sema juu yake kwa ukali, lakini kwa ushahidi.

La nne: je, neno langu litamsaidia rubani wa kesho? Kama halitamsaidia mtu, ni kelele tu, hata likiwa la kweli.

Rubani akosaye na kusema ameweka alama njiani, kama mtu aliyetumbukia shimoni usiku, akatoka na matope mwilini, akasimama pale hata alfajiri awaonye wapitao. Tukimtupia mawe kwa sababu ya matope yake, ataondoka kwenda kuoga. Shimo litabaki.